Mayai ya Tafi

Mimi Teresiah nasema wazi: samaki sili. Sisi watu wa Murang'a tulikuzwa tukimwona samaki ni nyoka tu wa majini, na hadi leo harufu ya karai la Nabiswa ikinifikia kwenye jiko langu la chapati, nageuza uso. Lakini Nabiswa ni jirani yangu wa biashara hapa nje ya lango la kiwanda, mtaa wa Baba Dogo, Nairobi, na mtu akimsema vibaya mbele yangu tutakosana.

Nabiswa ni Mbukusu. Wenzake wote hapa hukaanga samaki wa ziwa. Yeye hukaanga tafi, samaki wa kwenye miamba ya baharini. Zamani aliwahi kufanya kazi ya nyumba Ukunda, pwani, akapata rafiki huko, Shamis, anayenunua samaki kwa wavuvi wa mitego. Shamis huwapasua tafi, huwatoa matumbo, kisha huwapanga kwenye boksi la barafu. Boksi huja na lori hadi Industrial Area, na Nabiswa hulichukua asubuhi.

Msimu wa mayai ukifika, Shamis alikuwa akiweka juu ya barafu mfuko wa mayai ya samaki. Hayo Nabiswa hakuyauza hata siku moja. Aliyakaanga akawapelekea wajawazito wa ploti yetu, bure. Wee! Mwanamke hapa akishika mimba, hata kabla ya kumwambia mama mkwe, alikuwa anaanza kupita karibu na karai akijifanya anaomba chumvi. Nabiswa alijivunia jambo hilo kuliko biashara yenyewe, na mimi nilikuwa namwita daktari.

Kisha mifuko ikaanza kupungua, na mwishowe ikakoma kabisa. Tafi nao walikuwa wamekuwa wadogo, lakini hilo halikumsumbua mtu. Vijana wa kibarua walifurahi, maana kila mmoja alipata samaki wake mzima, mwenye kichwa. Opicho, mwenye mdomo kuliko wote, husema kipande cha samaki ni chakula cha mgonjwa. Na Nabiswa mwenyewe amelelewa kwa omena, wale dagaa wa ziwani. Kwake samaki mdogo ni samaki mdogo, basi.

Kilichomuuma ni mayai. Aliamini Shamis anayala. Siku moja akampigia simu mbele yangu, sauti juu: "Umenilia mayai yangu, Shamis! Na kina mama wa huku niwaambie nini?" Shamis akaaga haraka. Nikaona ni kweli, mwizi huyo.

Baadaye Shamis akapiga mwenyewe. Kamati ya wavuvi ilikuwa imekaa na watu wa idara ya uvuvi, wakapitisha kwamba tafi asiyefika urefu wa kutoka kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole arudishwe majini, na kila mashua iwe na kilo zake za kuvua kwa wiki, isizidishe. "Boksi lako litakuwa nusu, dada. Wale wadogo hawatakuja tena."

"Kwanza mayai, sasa samaki wenyewe!" Nabiswa akakata simu. Nilimwona anaogopa. Karo na kodi ya nyumba vinatoka kwenye karai hilo, na vijana wakikosa samaki wao wazima wangevuka barabara kwenda kula githeri.

Ndipo Maingi, dereva wa lori, akamnong'oneza kwamba anaweza kumletea wadogo kutoka kwa watu wasiojali kamati. Walikuja wazima, hawajapasuliwa. Nabiswa akakaa kando yangu na kisu, akikwepa miiba maana ya tafi ina sumu, huku akipiga stori zake. Ulikuwa ndio msimu wenyewe wa mayai. Akapasua tumbo la kwanza, la pili, la tatu. Stori zikakatika. Akaendelea kupasua hadi boksi likaisha.

"Tere, njoo uone."

Nikaenda nimeshika pua. Hakukuwa na yai hata moja.

"Hakuna mtu aliyekula mayai," akasema. "Omena ni mdogo lakini ni mtu mzima, Tere. Hawa ni watoto."

Alipiga simu mikono ikiwa bado na magamba, akaweka spika. "Shamis, nisamehe." Nikamsikia Shamis analia huko Ukunda. "Nilikuwa natafuta kila tumbo, dada. Niliona haya kukuambia hamna kitu."

Maingi aliambiwa asilete tena. Wakaja tafi wakubwa, wachache, wa kukatwa vipande.

"Zii, mathe, sitaki! Kwani mimi ni mgonjwa?" Opicho akaondoka. Wengine walioondoka hawakurudi, nisikudanganye, na Nabiswa alihama akachukua chumba kidogo zaidi. Lakini Opicho alirudi na mwenzake Luseno. Wanagawana samaki mmoja: leo kichwa ni cha huyu, kesho cha yule, na kila siku wanagombana ni zamu ya nani.

Januari hii, mfuko wa mayai ukaja. Mdogo, haujai kiganja.

"Haya, daktari, kazi imerudi!" nikamwambia. Hakucheka. Aliyakaanga akampelekea Triza, mjamzito ambaye tumbo lake lilikuwa limeshuka. Akangoja hadi amalize kula, kisha akapiga simu mbele yangu, spika wazi.

"Shamis, asante sana. Mwaka ujao usinitumie. Wenye mayai waacheni majini."

 

"Dada," Shamis akasema, "jana kamati ilipitisha kwamba msimu wa mayai tusivue tafi kabisa. Tangu jana natafuta jinsi ya kukuambia."

Nabiswa alicheka hadi akajifuta macho kwa aproni. Kisha akaliangalia karai lake.

"Sasa Tere, miezi hiyo nitakaanga nini?"

Nikasogeza kigoda changu, nikamwachia nafasi kwenye kibao cha chapati. "Nawa mikono kwanza," nikamwambia. "Unanuka samaki."