Baba na Mahindi Mgongoni

Juzi nilipita shamba letu la mpakani mwa hifadhi, nikaona mbao za dungu bado zimepigiliwa kwenye mkuyu. Nikakumbuka mchana mmoja nilipoenda na mama kumpelekea baba chakula.

Baba alikuwa amekaa juu, gobore la babu mapajani, linanuka mafuta na moshi. Nilijua analinda mahindi yasiliwe na nyani, kwa hiyo nilishangaa mbona ameyapa mgongo, anaangalia porini.

"Shuka ule," mama alisema.

"Punguza sauti, Mama Bhoke. Swala hawaangalii juu, na harufu yangu huku hawaipati."

"Na askari wa wanyamapori, nao hawaangalii juu?"

"Wakija nitasema nalinda mahindi."

"Umeyapa mgongo. Hata huyu mtoto ameona."

Baba akacheka. Mama hakucheka. Alisema taratibu kwamba gobore halina kibali, kuwinda hana kibali, na wakimfunga sisi tutalima na nani. Kisha akajitwika chakula, tukaanza kurudi. Nililia njiani, nikidhani baba ananyimwa ugali kwa kulinda vibaya.

Hatukufika mbali nikasikia matawi yakilia nyuma yetu. Baba alikuwa anashuka.

Sasa niko kidato cha pili, najua mama aliogopa nini. Siku ile mimi niliogopa nyani tu. Kesho yake nilienda kuchungulia. Baba alikuwa juu ya dungu na manati mkononi, ameyageukia mahindi.