Tonge la Mtoto wa Nyumba

Nilikwenda Japani kumrudisha binti yangu nyumbani Bwera, wilayani Kasese, si kutalii. Alikuwa ameolewa huko miaka mingi, hana mtoto, na mumewe hutoka kazini watu wamelala. Lakini mama mkwe wake ana adabu za kuchosha, ikabidi kwanza nitembezwe.

Tukaanza na hekalu. Jumba la mbao kuukuu, halina mabenchi wala kwaya. Watu wanainama, wanakwenda zao. Mahubiri hakuna. Kisha nikaonyeshwa bustani ya mawe. Mawe matupu, changarawe imechanwa kwa reki, na watu wazima wameketi kimya wanayatazama. Kwetu Kasese mto Nyamwamba ukifurika hutuletea mawe makubwa kuliko yale mpaka chumbani, na sijaona aliyeketi kuyatazama. Nikalisema hilo kwa sauti. Binti yangu hakulitafsiri.

Chakula ndicho kilichonimaliza. Samaki mbichi, wa baridi, amekatwa vipande vya kumdanganyia paka. Mimi niliyelelewa kwa bundu, ugali wa muhogo unaoshika tumbo hadi kesho, nikapewa kibakuli cha wali kinachoenea kiganjani, na yai bichi juu yake. Nikala nimepiga magoti, maana hata viti hawana.

Hata hivyo adabu zangu sikuziacha. Kwetu mgeni hamalizi chakula. Huacha tonge la watoto wa nyumba, nao hulisubiri mlangoni. Kila jioni niliacha langu. Kila jioni yule mama mkwe alilitazama, akainama, akaondoa kibakuli.

Jioni moja binti yangu akanifuata chumbani.

"Mama, huyu mama anafikiri chakula yake iko mubaya. Hapa mutu anamaliza yote."

"Ninaachaka ya batoto."

"Batoto gani, Mama?"

Hapo nikaipata nafasi niliyoitafuta. Nikamwambia, ndiyo, batoto gani? Nyumba haina mtoto, chakula chake hakishibishi, anangoja nini? Arudi Bwera, watu wake wapo. Akatoka. Baadaye nikawasikia jikoni, yeye na mama mkwe wake, wakizungumza kwa ile lugha yao ya kunong'ona, na mmoja wao akilia. Sikujua ni yupi.

Kesho yake jioni yule mama alikula taratibu, kisha akaacha tonge. Mwanamke ambaye huifukuza punje moja ya wali kwa vijiti mpaka aikamate. Akakishika kibakuli kwa mikono miwili, akakisogeza mbele ya binti yangu. Binti yangu akala, kichwa chini, vilevile alivyokuwa akila matonge ya wageni wetu mlangoni Bwera.

Wali wenyewe ulikuwa umeshapoa. Nilirudi nyumbani peke yangu.