Ua Lililotangulia

Juzi nilipita Mkolani, rafiki yangu, nikasimama mbele ya kiwanja cha shangazi. Nyumba wameijenga upya kwa tofali za saruji, na mwenye nyumba akaniuliza kwa upole kama nimepotea. Nikamwambia hapana, natazama mawe tu. Yale mawe makubwa ya uani yapo bado. Juu yake ndipo tulipoanika maua ya karatasi.

Shangazi alitengeneza mashada ya misiba. Miaka ile bidhaa za nje zilikuwa zimejaa tena madukani, karatasi za rangi zikiwemo, lakini bei yake ilikuwa ya wenye nacho. Ofisi moja ya pamba ilipofungwa, shangazi alinunua karatasi zake nyeupe na katoni ya wino wa buluu. Alikunja karatasi mara tatu, akachovya ncha kwenye wino, akaibana kwa vibao viwili, kisha akaifungua taratibu. Kila ua lilitoka na nyota yake. Nyumba nzima ilinuka wino na michembe ya viazi inayochemka.

Sheria yake ilikuwa moja: hakuna kukunja ua kabla ya taarifa ya msiba. "Shada halimtangulii mtu," alisema. "Likitangulia, litamtafuta mwenyewe."

Nilikuwa darasa la nne mama alipolazwa hospitali, baba akaniacha kwa shangazi. Mchana mmoja alikwenda kumwona mgonjwa, nikabaki peke yangu na zile chupa za wino. Nilitaka kujaribu tu. Nililowesha karatasi kwanza, nikaikunja mara nyingi kuliko yeye, nikadondosha wino kwenye mikunjo badala ya ncha. Wino ukatembea wenyewe. Nilipoifungua nikaona mishipa kama ya jani, buluu ikififia hadi nyeupe. Sikuwahi kuona ua zuri namna ile.

Halafu nikakumbuka kwamba hakuna aliyekufa. Na mgonjwa niliyemjua alikuwa mmoja.

Nililinyoosha kwa kiganja, mikunjo ikabaki. Kulichoma niliogopa, kulichana niliogopa zaidi, maana niliona kama namchana mama. Nikalificha chini ya godoro, nikasugua vidole kwa majivu na mchanga mpaka vikawaka moto. Buluu haikutoka.

Jioni shangazi akarudi. Sikuthubutu kuuliza hali ya mama. Ugali na dagaa vikaletwa, nami mkono nimeuficha nyuma.

"Kula."

"Nimeshiba, shangazi."

"Umeshiba nini, upepo? Lete mkono." Akauona. "Umekunja?"

"Moja tu. Nisamehe, shangazi. Nimemuua mama?"

Hakunipiga. Alivuta sanduku la bati kutoka uvunguni, akalifungua. Lilijaa maua mpaka juu.

"Haya nayo ni ya nani? Mtu anakufa asubuhi, maziko saa tisa. Wewe unafikiri nakunja saa ngapi?"

"Na ile sheria?"

"Ili msimalize karatasi zangu, mjinga wewe!" Akacheka, kisha akanisogezea sahani. "Mama yako leo kanywa uji. Kula."

Nikala. Wiki mbili baadaye mama akafa.

Shangazi alinipa karatasi na chupa, akaniambia nikunje nijuavyo mimi. Nilikunja siku nzima, sikuinua macho nisije nikakutana na ya baba. Mvua ya kwanza ilipita juu ya kaburi, udongo ukawa na madoa ya buluu.

Siku hizi mashada ni ya plastiki, yananing'inia madukani yakimsubiri yeyote. Shangazi naye tumeshamzika, na sikuwahi kumuuliza kama kicheko kile kilikuwa cha kweli au cha kunituliza nile. Sikusoma sana, lakini nimesoma vya kutosha kujua kwamba karatasi haiui mtu. Hata hivyo, mwanangu akiugua, siwezi kukunja karatasi yoyote, hata ile ya kufungia karanga, mpaka apone.