Maji ya Manjano Darini

Mie shule niliacha darasa la sita, hesabu za sehemu zikanishinda. Lakini kumkata kuku vipande sawa, hapo hunipati. Ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

Kuku walikuwa wa shangazi yangu. Miaka ile ya tisini aliwafuga juu ya dari ya nyumba yetu Mji wa Kale, kuku wa kizungu, weupe, na jioni akiwakaanga na kuwauza kule ufukweni Mama Ngina. Kila asubuhi alifungua vidonge vya rangi mbili, vile vile vya watu, akamwaga unga wake kwenye maji yao. Maji yakawa manjano.

"Siwangoji waugue," alisema. "Watakunywa kabla."

Na kweli hawakuugua. Lakini wallahi, dari ile sikuipenda. Kuku wa watu hugombana, hupiga kelele. Hawa walikunywa kimya, wakainua shingo pamoja, wakanitazama. Nikawa nawaamkia, "Sabalkheri," maana walikuwa wengi na mie peke yangu.

Siku moja nikikata kuku, mfupa wa paja ukanichoma kidole cha shahada, mkono wa kulia. Shangazi akafungua kidonge kile kile cha kuku, akaninyunyizia unga. Kwetu kila kidonda kilitibiwa hivyo.

"Usilie kama kuku."

"Kuku wako hawalii, shangazi."

"Basi wana adabu kukushinda."

Kidole kikavimba kama kaimati. Unga ukazidi, uvimbe ukazidi. Kikawa kinapwita, na nikipanda darini naona makoo ya kuku yanapwita sawa nacho.

Hospitali, daktari, mama mmoja wa makamo, akachukua usaha akauotesha kwenye kisahani. Baadaye akaniita nitazame. Juu yake kulikuwa na viduara vya karatasi, kila kimoja na dawa yake. Wadudu wa ule usaha walikuwa wamekikimbia kimoja tu. Kile cha dawa yetu walikizunguka mpaka ukingoni, wamejazana, kama kuku kwenye bakuli.

"Hii wameizoea," akasema. "Wewe unafuga kuku?"

Sikuwa nimemwambia. Nikajinusa.

"Kuku akinywa dawa kila siku, wadudu dhaifu hufa, hubaki sugu. Hao ndio waliohamia kwako. Nitakupiga sindano ya dawa ile waliyoikimbia. Isipofaa, kidole nakikata."

"Daktari, hicho ndicho ninachotolea shahada! Kata kingine."

"Kingine hakiumi, baba."

Sindano ikafaa. Kidole kikabaki, ila hakikunjiki. Nikisali kinanyooka tangu takbiri ya kwanza, jirani yangu anadhani nimeshafika tahiyatu, pa kunyoosha kidole.

Siku niliyopona nikapanda darini. Shangazi alikuwa anakoroga maji ya manjano. Nikamweleza yote.

"Wanangu hawa hawajaugua hata siku moja," akanijibu.

"Wao hawaugui, shangazi. Twaugua sisi." Nikalipiga bakuli teke.

Kuku hawakushtuka. Walikuja taratibu, wote, wakanywa maji yale sakafuni mpaka pakakauka. Kisha wakainua shingo pamoja, wakanitazama. Nikafumba ngumi nijitie ushujaa. Vidole vinne vikakunjika. Cha shahada kikabaki kimewaelekea, kimenyooka.