Tembo Kwenye Mizani ya Sonara

Nilipoingia dukani kwa sonara, tembo wa dhahabu alikuwa amekwisha kuwekwa ndani ya chungu cha kuyeyushia, na moto wa gesi ulikuwa unavuma pembeni. Alikuwa juu ya sarafu ndogo, mkonga ameuinua, nyuma yake milima. Sarafu hiyo ilipigwa Tabora, kwenye karakana ya reli, Wajerumani walipobanwa na vita. Nilianza kuitafuta baada ya kupunguzwa kazi kwenye ushirika wa pamba.

Miaka ile ya tisini Mwanza nzima ilikuwa inauza na kununua. Minofu ya sangara ilikwenda Ulaya, pamba ilinunuliwa na yeyote mwenye lori, nami nikawa na meza ya mitumba Igogo. Aliyenianzishia ugonjwa wa sarafu ni mnunuzi wa dagaa kutoka Kongo. Tulivutana bei ya koti mpaka tukachoka, akamalizia kwa kunipa sarafu ya pembe sita, ya enzi ya Mbelgiji, yenye tembo. Siku ile niliuza kidogo. Muda mwingi nilikuwa namtazama tembo.

Baadaye watu wa meli wakaniletea nyingine. Nilichukua boksi la viatu, nikaligawa kwa kadibodi, kila tembo na chumba chake. Mume wangu akasema, "Wenzako wananunua mabati, wewe unafuga."

Chumba kimoja kilikuwa kitupu. Tembo wa Tabora nilikuwa nimemwona kwenye picha tu, katika kitabu cha padre mmoja mzee, naye aliniambia kwamba wengi wa aina ile waliishia masikioni mwa mabibi harusi.

Jumamosi moja bibi mmoja kutoka Buswelu alisimama mbele ya meza yangu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nasikia wewe unanunua hera."

Jirani yangu, muuza sufuria, akaangua kicheko. "Bibi, hapa Igogo nani hataki hela? Kama unazigawa, na mimi nipo!"

"Nyamaza wewe, umezaliwa juzi. Nimesema hera, sikusema shilingi. Hera ya Mjerumani."

Ndipo nikaelewa. Neno hela, ambalo sisi tunalitumia kwa fedha yoyote, lilikuwa jina la sarafu moja ndogo ya Kijerumani, na kwa bibi huyu lilikuwa bado halijahama. Alifungua pindo la kanga akanionyesha tatu, nyeusi kwa uzee, zenye taji. Nikamwambia ni nzuri, ila mimi nakusanya zenye tembo.

"Yenye tembo ni ile ya njano," akasema. "Baba yangu alikuja nayo kutoka Tabora. Mjukuu wangu anaolewa, asubuhi hii ameipeleka mjini akatengenezewe hereni."

Niliruka meza. Yule yule aliyekuwa akicheka ndiye aliyetusimamishia teksi, akabaki analinda mitumba yangu.

"Zima!" nilipiga kelele mlangoni. Sonara akazima, nadhani kwa mshtuko. Bibi harusi alikuwa ameketi kwenye stuli, uso ameukunja.

"Dada, wewe ni nani?"

"Namtaka huyo tembo."

"Mimi nataka hereni. Niingie kanisani nimening'iniza tembo?"

"Kwa masikio hayo," bibi yake akasema, "angekutosha."

Hata sonara alicheka. Katika kicheko hicho nikavua hereni nilizoolewa nazo, nikaziweka upande mmoja wa mizani; tembo nikamtoa chunguni, nikamweka upande wa pili. Tembo akabaki chini. Nikaongeza mkufu. Bado chini. Nikaitazama pete yangu ya ndoa, nikaomba sabuni. Sonara akaisugua pete kwenye jiwe lake la kupimia dhahabu, akasema dhahabu yake haipishani na ya sarafu, akaiweka. Mizani ikayumba, ikapanda, ikatulia sawa.

Bibi harusi alikuwa tayari mbele ya kioo, hereni zangu masikioni, anageuza shingo huku na huku. "Kumbe zimeshatengenezwa!" Bibi akapiga vigelegele hadi wapita njia wakachungulia kuona ni nani anaolewa. Nilitoka na ngumi iliyofumbwa, masikio matupu, nikitembea kama mtu aliyeshinda ubunge.

Jioni mume wangu aliutazama mkono wangu. "Pete iko wapi?"

"Imekuwa tembo."

Aliigeuza sarafu chini ya taa, akaigeuza tena. "Kumbe nina mume mwenzangu," akasema, akampeleka mwenyewe chumbani kwake ndani ya boksi.

Jumatatu nilirudi kumshukuru sonara. Alikuwa anapiga msasa bangili, hakuinua macho. Akasema kabla ya Krismasi aliletewa nyingine kama ile.

"Uliiyeyusha?"

"Mama, mimi kazi yangu ni kuyeyusha."

"Na hiyo je?"

Alitabasamu, akaendelea na bangili. Kabla sijamwuliza tena alikuwa amefunga duka na kuhamia Dar es Salaam. Kama tembo yule wa pili aliyeyuka, au sonara aliondoka naye, hadi leo sijajua.