Mikono ya Mama na Neno la Mwalimu

Juzi, katika kamusi ya mjukuu wangu, nilikutana tena na neno la Kiingereza ambalo sijalisahau: garble.

Nilipokuwa mtoto, mwalimu alinitupia neno hilo darasani, nilipokuwa nikisoma kwa sauti na ulimi ukanikwama. Wenzangu wakacheka. Mimi, Kiingereza kikiwa bado kinanipiga chenga, nikadhani amesema nanuka karafuu, maana mama yangu alikuwa akipepeta karafuu ghalani mtaa wa Malindi, akitoa makonyo, vile vijiti vyake, na vumbi, na harufu ile ilitufuata mpaka kitandani.

Alasiri ile mama alirudi, akanyoosha mkono anisuke nywele. Nikajivuta.

"Una nini, mwanangu?"

"Mwalimu kasema nnanuka karafuu."

Alikwenda uani, nikasikia maji yakimwagika muda mrefu, kisha akarudi na viganja vimewiva kwa kusuguliwa, vinanuka ndimu. Tangu siku ile hakunigusa kabla ya kunawa.

Kumbe mwalimu alisema tu kwamba naboronga maneno. Na kamusi inasema neno lenyewe limetokana na Kiarabu, na hapo zamani maana yake ilikuwa kupepeta viungo, kutenga vilivyo vizuri na taka.

Nimejaribu kuikumbuka harufu ya mikono ya mama. Inanijia ya ndimu tu.