Jina la Mwenye Kiwanja

Walipofika kupima mtaa wetu hapa Kasulu nilikuwa nyumbani, kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa. Nipo kidato cha tatu. Mengine ya likizo ile nimeshayasahau, lakini siku ile ya kupima naikumbuka yote.

Mkutano wa mtaa ulikuwa umetangaza kwamba bomba la maji litapita mbele ya nyumba zetu, barabara itachongwa na kumwagwa changarawe, na kila mwenye kiwanja atachangia kwa kadiri ya upande wake unaotazama barabara. Ukiwa na upande mrefu, mchango nao mrefu. Watu walipiga kelele. Jirani yetu alisimama akasema, "Babu yangu kanywa maji ya kisimani mpaka kazeeka, na barabara alipita kwa miguu. Nani alimdai?" Watu wakacheka sana. Mama hakucheka. Mtendaji akajibu kwamba kiwanja ambacho mwenyewe hajulikani kitachukuliwa, apewe mtu anayeweza kuchangia.

Njiani mama aliniambia, "Wenzetu wanaogopa kudaiwa. Sisi tumuombe Mungu tudaiwe."

Nilimwelewa. Babu, baba yake baba, alivuka kutoka Burundi mimi sijazaliwa. Kiwanja alipewa kikiwa pori, akakifyeka, akapanda migomba yote ile ya kando ya barabara. Karatasi ya kiwanja iliandikwa jina lake. Babu amekufa, na baba hakwenda kuibadilisha. Kila mara alisema ngoja kwanza mambo yatulie. Hayakutulia. Wakimbizi wapya waliongezeka, magari yakaanza kupita kuwakusanya Warundi waliokutwa wakiishi nje ya kambi. Msichana niliyekaa naye dawati moja aliondoka hivyo, na daftari langu la jiografia analo mpaka leo. Naona aibu kuandika hivi, ila siku ile nililiwazia daftari kwanza, yeye baadaye.

Basi siku ya kupima, baba alikuwa Kibondo kununua maharage. Nilichungulia dirishani nikaona watu watatu: karani na kitabu chake, fundi mwenye utepe na kopo la rangi nyekundu, na balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mwenye duka la vitenge, ambaye watu wake ni wa Ujiji. Balozi alibaki kwa jirani, wanabishana upande wake una hatua ngapi. Wale wawili wakaja kwetu. Mimi nikaingia jikoni na kurudisha mlango. Wageni siwawezi. Hata shuleni nikiitwa jina naitikia chinichini.

"Mama, hujambo? Kiwanja hiki cha nani?" Huyo ni karani.

"Cha mkwe wangu."

"Anaitwa nani?"

Mama akawakaribisha wakae.

Kwetu mwanamke aliyeolewa halitamki jina la baba mkwe, awe hai, awe kaburini. Jina la babu lina neno la mvua ndani yake, kwa hiyo mama hata mvua haiiti mvua, anasema "yale maji ya juu." Sijawahi kumsikia akikosea.

"Mama, nimekuuliza jina, sijakuuliza umri."

"Ni baba wa mume wangu."

"Huyo baba wa mume wako jina analo?"

"Analo."

"Basi nipe na mimi nilione."

Fundi akacheka. "Andika Mkwe bin Mkwe, twende zetu, jua kali."

Karani hakucheka. "Mtu hajui anakaa kwenye nyumba ya nani! Hawa wa kambini hawa, wamejipenyeza tu. Naandika hakina mwenyewe."

Nilisikia kitabu kikifunuliwa. Jina nilikuwa nalijua, na mimi ni mjukuu, sikatazwi. Lakini jina lile ukilisikia tu unajua limetoka wapi. Nisipolisema, kiwanja kimekwenda. Nikilisema, labda tunakwenda sisi. Nilisimama nimeshika mwiko, ugali unaungua, na ukweli ni kwamba nilitaka mama avunje mwiko wake yeye, ili mimi nisitoke.

Mama hakuuvunja. Aliniita, "Mwanangu, njoo."

Nikatoka. Shikamoo haikutoka. Nikalitaja jina la babu nikitazama viatu vya karani.

"Sema kwa sauti."

Nikalirudia. Kalamu yake ikasimama. "Jina la wapi hili?"

Nikageuka kumtazama mama. Hapo ndipo balozi akafika, jasho linamtoka.

"La hapahapa," alisema. "Mzee huyo nimemzika mimi. Karatasi alikuwa nayo. Mama, si mnayo?"

"Ego," mama akasema, na kwa woga alikuwa ameitikia Kirundi. Nikakimbia kuileta kutoka chini ya godoro.

Karani aliisoma polepole, akaigeuza nyuma ambako hakuna kitu. "Marehemu halipi mchango, balozi."

"Mwanawe atalipa. Yuko Kibondo kibiashara. Au unataka kunipunguzia wachangiaji? Upande wote huu wa migomba nitaulipa mimi kwa vitenge?"

Karani akamtazama mama, akanitazama mimi, akaandika. Utepe ukavutwa mbele ya migomba. Kisha fundi akachovya brashi, akaja ukutani. Nyumba mbili za kona walikuwa wamezichora msalaba, za kubomolewa. Mama, ambaye hajui kusoma, alinishika mkono mpaka ukauma.

"Wameandika nini?"

"Namba."

"Ya kulipa au ya kuondoka?"

"Ya kulipa, mama."

Akakaa chini pale pale mlangoni, kwenye vumbi.

Baba alirudi baada ya siku mbili. Alipoambiwa kiasi, alitoka barabarani kwa majirani akaanza kulalamika: mchango gani huu, tumekuwa benki sisi? Sikuwa nimewahi kumsikia baba akipaza sauti mtaani, na kila neno la Kiswahili lilikuwa limevaa lafudhi yake ya Kirundi. Majirani wakamuunga mkono. Mama alimwita kutoka ndani, "Baba watoto, punguza sauti."

Hakupunguza. Mimi nilisimama dirishani, naangalia mwisho wa barabara kama kuna gari linakuja.